Bale ba Rouge, Bale ba Bleu, na Beseni Yangu

Tangu nirudi ku Kolwezi, mulango yangu haifungwe. Kila mutu anaingia na kiti yake: "Mama Mwepu, Amerika iko namna gani? Ni kweli kule kuko ngazi yenye kutembea yeye peke?" Bon. Nitasema mara moya, kisha muniache nilale. Mambo ya baviza na batiketi musiniulize, ile batoto njo balipanga, miye niliweka tu kidole. Kuandika sijue. Mwenye kuandika ni Mama Véro, jirani yangu, alifundishaka primaire. Mi nasema, ye anaandika. Mukiona kosa, mujue ni yake.

Niko na batoto babili ku Amerika. Béa, mwanamuke, iko ku Aïowa, analinda bazee mu nyumba ya bazee. Mwepu, mwanaume, iko ku Kentaki, anaendesha kamyo, ile lori kubwa. Béa iko na binti, Nadège, na huyu Nadège alipata mutu wa kumuoa. Siku ya dot, ile mahari, ikapangwa. Na shiye kabila ya Basanga, munajua: mutoto wa dada ni wa mujomba. Mujomba asipokuya, asiponawa mikono mu beseni moya na mama ya binti, kisha bakule bukari moya, ule ugali wetu, ile haiko dot. Ni batu balikuya kukula kuku tu, banarudi kwabo.

Sasa mujomba ni Mwepu. Na Mwepu na Béa habasemezane, mwaka ya mbili. Nikauliza Béa mu telefone juu ya nini. Béa, tangu afike kule, anasemaka na pua: "Maman, siwezi kumuita. Ule iko rouge."

"Rouge, mwekundu ya nini? Aliungua na jua?"

"Politique, Maman. Kule kuko byama mbili: bale ba rouge na shiye ba bleu."

Nikamuita Mwepu. Ye anasemaka sawa honi ya kamyo: "MAMAN! Béa akuache na bleu yake!"

Nikasema basi. Nitaenda miye mwenyewe. Nikafunga bunga, kapenta, bale basamaki badogo, sombe ya kukausha, ile majani ya muhogo, na beseni yangu ya maua, ile ya chuma, juu nilisikia ku Amerika bote bananawa mikono chini ya robinet, kila mutu na maji yake.

Kolwezi mupaka Lubumbashi

Tulitoka Manika, mutaa yetu, asubui. Chauffeur akasema: "Mama, saa ine tuko Lubumbashi." Saa ine ilitukuta Fungurume. Kamyo ya minerai, mawe ya mugodi, ililala katikati ya barabara sawa mulevi, zingine zilijipanga nyuma, mupaka huoni mwisho. Jua, mavumbi, na ndege yangu inaningoja.

Mu gari yetu kulikuwa babwana babili. Moya alivaa tricot yenye picha ya candidat. Tumbo yake kubwa, basi ule candidat alikuwa anacheka mupaka ku mbavu. Mwenzake akamuangalia: "Ule mwizi wako njo alikula hii barabara."

"Mwizi ni baba yako."

"Baba yangu alikuwa infirmier!"

"Infirmier mwizi. Sindano zilikuwa zinaenda wapi?"

Saa mbili muzima banatukanana. Kisha mama moya akapita na mihogo ya kuchoma na kalanga. Bwana wa tumbo akanunua, akavunja mu katikati, akamupa mwenzake nusu bila kugeuza kichwa: "Kamata, mupinzani." Mwenzake: "Aksanti, mwizi." Nami balinipa. Ilikuwa tamu, kidogo imeungua ku ngozi.

Na miye mwenyewe, muniangalie vile nilivaa: pagne, kitenge ya chama moya, foulard ya chama ingine. Wakati ya campagne mi nakamata byote yenye banagawa. Pagne ni pagne, munyu ni munyu, kura inabakia mu moyo. Mweye mote munafanyaka vile, musinicheke.

Mu ndege

Hakuna ya kusema. Unaikala, banakupa mukate baridi sawa jiwe ya mugodi ya Mashamba, unalala, unaamka, banakupa tena ule mukate.

Kule kwa kushuka, muzungu moya wa polisi akafungua mufuko yangu. Akaona bunga. Akavaa gants ku mikono. Akainua beseni, akaiangalia chini na yulu: "Wozizi? Wozizi?" Mi sijue Kingereza, nikamuonyesha: nikanawa mikono mu hewa, vile na vile. Akafurahi sana. Akanishika mukono, akanipeleka ku choo.

Kwa Béa

Kwa Béa ni kuzuri. Majani inakatwa sawa nywele ya musoda wa jeshi. Lakini mbele ya kila nyumba kuko kibao kidogo: hapa rouge, pale bleu, hapa rouge. Nikafikiri ni bei ya nyumba.

Ngambo ya barabara kunaikalaka muzee, banamuita Dave. Siku ya pili aliniona nimeikala ku jua bila kitu ku kichwa. Akavuka pole pole, goti inamuuma, akanipa kofia mupya, ya rouge, na maandiko mbele yenye sijue kusoma, na panier ya batomate ya jardin yake. Akasema maneno mingi, nami nikamujibu mingi. Tulielewana kabisa.

Tomate zilikuwa mingi. Kwetu unafanya nini? Unapeleka kwa jirani. Nikavaa kofia yangu, nikapeleka nusu kwa Mama Linda, mwenye nyumba ya pembeni, muzungu wa miaka sawa yangu, kila siku ananipungia mukono. Leo akaangalia kofia, uso ikafunga sawa boutique siku ya mungu. Lakini alikamata tomate. Kisha akauliza na kidole: zinatoka wapi? Nikaonyesha kwa Dave.

Batu yangu! Ule mama alizirudisha mu panier. Moya. Moya. Moya. Hata ile alikuwa amekwisha kuiosha.

Nikarudi ku nyumba mbio. "Béa! Tomate ya Dave iko na sumu?"

Béa akaona kofia. Akapiga kelele sawa mutu mwenye kuona nyoka mu kitanda. "Maman, toa! Toa! Ile ni kofia ya bale! Batu ba rue, majirani bote, bataniona namna gani? Nadège, leta sachet!"

"Ni kofia, Béa. Ni ya jua."

"Ku Amerika haiko ya jua!"

Akaitupa mu poubelle ya takataka. Nadège akanielezea pole pole: Dave na Linda, kila mutu na famille yake, balilelea batoto yabo pamoja. Goti ya Dave ilipopasuliwa, Linda njo alimupikia. Sasa miaka mingi hata yambo ya kusalimiana hakuna, juu ya kibao. Nikauliza: "Na Dave anajua vile mwenzake hakuli tena tomate?" Nadège, mwenye ananiita Kambo juu niko bibi yake, akasema: "Kambo, anajua. Kila mwaka anapanda mingi vilevile."

Ile jioni Mama Linda akaniletea tricot ya bleu, na maandiko mu kifua, alifikiri nahangaika na baridi. Béa akafurahi: "Hii ni nzuri, Maman, vaa hii!" Sawa nguo ya misa.

Niko mukubwa, nikaivaa. Lakini bote balipolala mangaribi mbele ya télé, nikatoa kofia yangu mu poubelle. Mupya vile, unatupa?

Mu bus, Aïowa mupaka Kentaki

Nadège akaniambia: "Kambo, mujomba hatakuya. Nilimulomba mara tatu. Fiancé wangu anauliza kama kwetu kuko mambo mubaya yenye tunaficha." Na macho ikajaa maji. Dot ilikuwa Samedi. Leo ilikuwa Mardi, kulibakia siku ine. Nikasema: tupande bus.

Mu bus nikavaa kofia, juu dirisha ilikuwa inaniunguza. Papo hapo muzee moya wa nyuma akanisalimia, akanipa babiscuit: "Godi blesi, godi blesi." Binti moya wa mbele yetu, na bouton ya bleu, alama ya chama, ku sac, akabeba bintu byake, akahama kiti. Bon. Nikamaliza biscuit. Nikatoa kofia, nikavaa tricot ya Mama Linda. Binti akarudi! Meno inje, akanipa orange. Muzee wa nyuma akageukia dirisha, akaanza kuangalia majani sawa hajawahi kuona majani.

Nikasema kumbe! Nikavaa kofia. Binti akaenda. Nikatoa. Binti akarudi. Nadège alikuwa anajificha mu foulard: "Kambo, nakulomba, acha." Miye nilikula biscuit na nilikula orange.

Kisha bus ikakufa. Mu katikati ya mashamba ya mihindi. Jamani, mihindi! Mihindi mupaka mwisho ya macho, na hakuna hata mutu moya mwenye kupika bukari. Tulishuka, tukangoja saa tatu. Sasa angalia: hakuna mwenye kubaambia, lakini ba rouge balisimama ku upande huu wa bus, ba bleu ku upande ule. Kila mutu na kamufuko kake ka kula, anakula amefunga mikono juu yake, sawa mbwa na mufupa. Hakuna mwenye kutukana. Nilingoja batukanane kidogo, ata kusema baba yako ni infirmier mwizi. Hakuna. Kimya tu. Pale njo nilikumbuka ule muhogo wa Fungurume.

Kwa Mwepu

Mwepu alinenepa. Akanikumbatia, akaona kofia, akacheka sawa honi: "MAMAN! Weye ni wetu!" Kisha nikafungua koti, akaona tricot ya bleu. Honi ikakufa.

Nikamupikia sombe. Alikula sahani tatu, anafuta macho, anasema ni pilipili. Nikangoja anywe maji. Nikasema: "Samedi ni dot ya Nadège. Beseni iko mu mufuko."

"Sitaenda kwa Béa. Aliandika mu groupe ya famille, mbele ya batu bote, miye niko mutu wa roho mubaya. Alinibloquer."

"Na weye uliandika nini?"

"Kidogo tu."

Nadège akasema: "Mujomba, uliandika mama anauzisha inchi."

"Si kweli? Bale ba bleu banaharibu hii inchi, Maman! Bale habataki kusikia! Bale habana mungu!"

Nikamuambia: "Ngoja." Nikafunga pua na bidole mbili, nikasema sawa Béa: "Bale ba rouge banaharibu hii inchi, Maman. Bale habataki kusikia. Bale habana mungu." Nadège akacheka mupaka akakohoa. Mwepu hakucheka.

"Mwanangu," nikasema, "ulimuvotea nani, kura yako ilienda kwa nani?"

Akaangalia sahani.

"Ulimuvotea nani?"

"Maman, miye… sijapata bado papier ya uraia. Mwenye haiko citoyen havotake."

"Na Béa?"

"Yeye vilevile."

Niliikala chini. Nilikuwa nimesimama, nikaikala. Miaka mbili! Ndugu wa tumbo moya! Nikaingiza mukono mu kifua, nikatoa ile carte yangu ya électeur, yenye inanifuataka fasi yote, kwa polisi, kwa hôpital, kwa banque, mupaka na picha yangu yenye kufutika sawa muzimu. Nikaiweka ku meza.

"Muangalie muzuri. Mu hii famille, mwenye carte ya kuvota ni miye peke. Miye sijue A, sijue B, lakini niko na carte. Mweye munapiganisha kura yenye hamuna. Ni sawa bafukara babili banapigana juu ya ngombe ya jirani."

Mwepu akasema, lakini sasa sauti ilishuka: "Maman, huelewe. Hapa ni mambo ya kweli. Batu banaumia. Na sikumutendea kitu, niliacha tu kusema naye."

*Niliacha tu kusema naye.* Ile maneno njo ilinifikia hapa. Sasa, Mama Véro, andika yote, usiruke.

Nikamuambia: "Unakumbuka Mama Véro, mwenye kutoka Kasai? Ulikuwa kadogo. Mulikuwa munakula kwake kuliko kwangu. Kisha banapolitique bakatufundisha kale kaneno: *bale*. Bale ba Kasai banakula kazi yetu. Bale barudi kwabo. Miye sikumutukana Mama Véro. Sikumupiga. Nilipita mbele ya mulango yake siku kumi na ine bila kusema yambo. Niliogopa batu ba rue, bataniona namna gani. Siku ya kumi na tano nyumba ilikuwa wazi, kuku yake inazunguka mu parcelle yeye peke. Mama Véro alikuwa ku gare, yulu ya masanduku, na batoto, bananyeshewa, banangoja treni. Weye ukaniuliza: 'Maman, Mama Véro iko wapi?' Sikukujibu. Leo nakujibu. Balimufukuza mu nyumba na mawe, lakini mbele ya mawe kulikuwa miye, mwenye kuacha yambo."

Mama Véro aliacha kuandika hapa. Alirudi kisha miaka mingi, akagonga kwangu kulomba moto ya makala, sawa alitoka jana. Sikuwahi kumuambia ile siku kumi na ine. Ananiambia sasa, na kalamu mu mukono: "Nilihesabu." Haya, Mama. Endelea.

Mwepu akasukuma sahani. Nikapiga kidole yulu ya carte: "Basi mi navota. Navota uende. Nani anapinga? Nadège, hesabu."

Nadège akasema: "Moya kwa sifuri, Kambo."

Mu kamyo, kurudia kwa Béa

Balimupa Mwepu mizigo ya upande ule, basi tukaenda mu kamyo yake. Iko na kitanda ndani! Nililala sawa mukubwa wa chefferie, na ye anasikiliza radio, bwana moya mule anapiga makelele: *bla-bla-bla, no! bla-bla-bla, no no no!* Nikamulomba afunge. "Maman, ni habari." Nikasema ile haiko habari, ile ni mbuzi banamufunga. Akafunga.

Samedi ya dot, Béa alifungua mulango, akaona kaka yake, akarudi ku cuisine. Mwepu akasimama ku mulango, kofia yake ya rouge mu mukono, anaigeuza, anaigeuza. Famille ya fiancé ilikuwa imeikala mu salon na bakuku babo, banaangalia plafond. Nadège alipita na mulango ya nyuma, bamama bakamufunika na pagne.

Nikaweka maji mu beseni. Nikaita mara moya: "Béa." Sikutumia sauti ya mutu mwingine, nilitumia yangu. Akakuya.

Bakachuchumaa, huyu huku, huyu huku. Béa anaosha upande wake, Mwepu upande wake. Ata mu beseni balichora mupaka! Nilikasirika mupaka nikashika mikono yote ine, nikaichanganya sawa naosha kapenta, maji ikaruka ku nguo ya misa ya Béa. Béa akasema: "Maman, mi siko mutoto!" Mwepu naye, palepale: "Maman, mi siko mutoto!" Maneno moya, mara moya. Bakaangaliana. Mwepu akasema na sauti kidogo: "Bidole yako ingali baridi sawa chura." Béa akajibu: "Na yako ingali inanuka mazout ya kamyo." Hakuna ingine. Habakukumbatiana, musifikiri ni sinema. Lakini bukari ilikuliwa, na mujomba akasema: "Tumepokea." Nadège akaanza kulia chini ya pagne, akaharibu poudre yote.

Kisha saa moya, mwingine akafungua télé, na bale babili bakaanza tena: "Bale ba rouge!" "Bale ba bleu!" Nikaondoka inje na beseni. Nilichoka. Dave alikuwa ku jardin yake, Linda ku mulango wake, na tomate zilikuwa zinaoza katikati yabo babili. Nilipunga mukono huku, nikapunga kule. Kila moya alifikiri ni yeye peke.

Kolwezi

Ya kurudi ni ule ule mukate.

Kofia ya rouge nalimia nayo, tricot ya bleu navaa chini yake asubui kama kuko baridi. Hapa Manika hakuna mwenye kuhama kiti.

Jana, Mama Véro akiwa hapa, telefone ikalia. Béa, na pua yote: "Maman, uambie mutoto yako! Ananipigia kila siku, anapita mu barabara na kamyo anapiga tu, ananitukana na politique yake! Nachoka!"

"Kila siku?"

"Kila siku, Maman! Leo tulibishana saa muzima, mupaka nikaunguza sombe!"

"Na weye unamujibu?"

"Unafikiri nitamuacha?"

Nikaangalia Mama Véro. Mama Véro akaweka kalamu chini.

"Béa," nikasema, "muache atukane. Siku akinyamaza, njo unipigie."